Kipimo cha Neno la Kwanza

Hadithi inakuja. Mwenye kusinzia asinzie, ila akiamka nitamuuliza.

Hapo Tabora alikuwapo mama mmoja, Bi Nyamizi, na wanawe watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Kulwa, fundi cherehani, alijaliwa jicho la kipimo. Pacha wake Doto alijaliwa subira ya kutafuta. Shija, aliyewafuata, alijaliwa mkono usiotetemeka.

Bi Nyamizi alipooza, sauti ikampotea. Akaletewa mashine: anatazama herufi mojamoja kwenye kioo, nayo inamsemea. Siku ya kwanza aliandika "Ndiyo," nyumba nzima ikalia kwa furaha. Baada ya hapo, balaa. Aliandika "Shija, mgongo unaniuma." Mashine ikasema, "Shija."

"Labeka, mama!" Shija akaitika, akasubiri. Mashine haikuongeza neno.

Ndotoni Bi Nyamizi alisema yote. Maneno yalimtoka mazima, yakapanda juu ya paa taratibu kama moshi wa jikoni, na majirani wakayaitikia. Akiamka, ni vipande tu. Na daktari alishasema mbele yake, "Akili imekatika. Jumatatu mashine apewe mgonjwa mwingine." Alisikia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza hata kubisha.

Kulwa akahesabu kwa vidole. "Mbona kila kauli ina herufi tano? Fundi gani huyu, anawakatia wateja wote kwa kipimo cha mteja wa kwanza!"

Doto akaingia kwenye kompaila ya mashine ile, yaani programu inayogeuza maandishi ya wataalamu kuwa lugha ya mashine. Siku sita hakula akashiba. Akapaona penye kosa: kauli mpya ikiwekwa mahali pa ile ya zamani, urefu unabaki wa zamani. "Kupaona nimepaona," akasema, "kupagusa naogopa."

Shija akaketi. Angekosea, mashine ingekuwa bubu kabisa. Akaandika mstari mmoja: pima upya kwanza.

"Mstari mmoja, na jasho lote hilo?" Kulwa akamtania.

Jumapili mchana mashine ikasema, "Akili yangu nzima. Mwiteni daktari, aketi, nimweleze." Doto akalia kama mtoto.

Sasa, kwao aliyerudishiwa sauti hutoa dua moja, ya kumbariki mtu mmoja tu. Ukiigawa, haimfikii yeyote.

"Bila jicho langu mngetafuta nini?" akauliza Kulwa.

"Na bila mimi, wapi?" akasema Doto.

"Na bila mimi," akasema Shija, "mngekuwa mnapatazama hadi leo."

Bi Nyamizi anawapenda sawasawa, na hilo ndilo linalomtesa. Macho yake yanazunguka kwenye herufi, hayatui. Haya, semeni nyinyi mnaosikiliza: ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?