Aliyemvusha Mtoto Korongoni

Hapo zamani, sogeeni nisikike, palikuwa na nchi ya mawe mekundu. Mwamba mwekundu, mchanga mwekundu, hata mbuzi mweupe akilala chini anaamka mwekundu. Katikati yake lilipita korongo refu. Upande huu kijiji, upande ule kijiji, na njia ni moja tu, humo humo ndani. Ukiingia alfajiri, usipopiga soga sana, unatoka jua likiwa bado juu ya kilima. Asubuhi unafuata ukuta wa mashariki, alasiri unahamia ukuta wa magharibi, na kivuli kinakusindikiza kama ndugu.

Watu wa huko walikuwa na desturi zao. Penye njia panda walirundika mawe meusi yaliyobebwa kutoka mtoni, ili yaonekane katika wekundu ule, na kila apitaye aliongeza lake. Katikati ya safari, chini ya mwamba ulioinama, waliweka mtungi. Mwenye maji ya ziada alimimina humo, ayakute asiyemjua.

Na mtoto akivushwa korongo mara ya kwanza, bibi yake wa ng'ambo alimngoja na asali kidoleni, akamuuliza mama: "Nani kakuvushia?" Jina litakalotajwa ndilo la mtoto, na mwenye jina anakuwa mzazi wake wa pili. Atambeba angali mchanga, naye mtoto atamchotea maji akizeeka. Lakini jina hutolewa kabla jua halijazama. Likizama, mtoto anarudi kwao bila jina, angoje mwaka mwingine.

Basi alikuwapo Sikitu, na binti yake mchanga mnene, mikunjo mikononi kama amefungwa nyuzi. Mumewe alikuwa porini akirina asali. Sikitu akasema, nitampeleka mtoto kwa mama yangu.

Mkwewe, Kalunde, akakunja uso. "Kiangazi hiki? Mtoto hapitishwi kwenye mawe kama mbuzi wa mahari."

"Mama, bibi yake hajamwona."

"Nimesema. Masikio ni yako."

Wakanuniana. Kesho yake Kalunde alitoka alfajiri, akarudi jua likizama, anachechemea, goti limevimba. "Nilikwenda kuokota kuni," akasema. Kuni hazikuonekana. Na kawa ya kufunikia chakula, ile yenye uzi mwekundu ukingoni, nayo haikuonekana. Sikitu akafunika ugali kwa ungo, wala hakuuliza, maana alikuwa bado amenuna.

Siku ya safari alisindikizwa na shemeji yake Ntandu, kijana wa maneno mengi.

"Shemeji, fuata visigino vyangu tu. Korongo hili nalijua kama kiganja changu."

"Kiganja kipi? Kile kilichopoteza kisu juzi?"

Wakaingia wakicheka. Pimbi waliota jua juu ya miamba, wakiwatazama kama wazee wa baraza. Ntandu akapaza sauti, "Mimi ni nani?" Kuta zikajibu, "Ni naniii?"

"Umesikia," akasema Sikitu. "Hata mawe hayakujui."

Wakafika njia panda. Wakatafuta rundo la mawe meusi, hawakuliona. Palikuwa na vijiwe viwili vitatu tu, kama punje zilizobaki baada ya kuku kula.

"Ni kushoto," akasema Ntandu, kifua mbele.

Wakashika kushoto. Njia ikasonga. Wakapita kiubavu, na kibuyu cha maji kikagonga mwamba, paa! Maji yakanywewa na mchanga. Wakaendelea, njia ikazidi kusonga, mpaka wakakutana na ukuta mtupu. Mbele hakuna njia. Jua nalo lilikuwa limesimama utosini, kivuli kimekwenda zake.

Mtoto akalia. Akanyonya, hakupata kitu. Akalia tena, kisha akanyamaza. Hapo ndipo Sikitu alipoogopa. Mtoto anayelia unajua yupo, anayenyamaza unamtafuta.

Na Ntandu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaacha kujisifu. Akapanda ukuta kwa kucha mpaka juu, akaangaza huku na huku, akashuka. "Kuna moshi upande wa pili wa mwamba huu. Tukirudi tulikotoka tutachelewa. Tupite juu." Akamfunga mtoto mgongoni, akamfunika kwa shuka lake, akampa Sikitu mkono. Kiatu cha Sikitu kikakatika. Ntandu akavua vyake, akampa. Mwamba ulikuwa wa moto kama kikaango, naye akaukanyaga kwa nyayo tupu, akitembea kwa ncha za vidole na kusema, "Naupenda mchezo huu, shemeji, nimeuzoea." Machozi yalimtoka, lakini mtoto hakumtikisa.

Wakaushukia moshi. Chini ya mwamba ulioinama alichuchumaa mwanamke akikoroga uji. Jina lake Mbuke, mchuuzi wa chumvi. Alipomwona mtoto hakuuliza mnatoka wapi. Alimimina uji wote, akaupepea kwa upindo wa kaniki yake, akamshikia Sikitu bakuli mdomoni. Sikitu akanywa, akapumzika, akanywa tena. Muda si muda maziwa yakashuka, na mtoto akanyonya kwa hasira, akivuta kama anayedai haki yake. Sikitu akalia, machozi yakadondokea bakuli.

"Unaongeza chumvi ya nini," akasema Mbuke, "na mwenye kuuza ni mimi?"

Wakacheka wote. Kisha Ntandu akayatazama mafiga. Yalikuwa meusi.

"Dada, mawe haya umeyatoa wapi?"

Mbuke akainamisha kichwa. "Mekundu yanapasuka motoni, vipande vinakurukia machoni. Nikayachukua ya njia panda, haya ya mafiga na mengine ya kukinga upepo. Nilisema nikishakula nitayarudisha. Nani angepita kiangazi hiki?"

"Sisi," akasema Ntandu.

Sikitu hakugomba. Aliuliza tu, "Na maji ya uji?"

"Ya mtungini. Nilifika kibuyu changu kikavu, nikadhani na mtungi ni mkavu. Kufunua, umejaa mpaka shingoni!"

Sikitu akautazama mtungi. Ulifunikwa kwa kawa, na kawa ile ilikuwa imeshonwa ukingoni kwa uzi mwekundu wa ngozi. Akaigusa taratibu.

"Kumbe hizi ndizo kuni zake," akasema.

Mbuke akayafunga mawe kwenye kaniki yangali ya moto, akakimbia nayo hadi njia panda, akalijenga rundo, akawakuta mbele akihema. Jioni, jua likikaribia kuzama, wote wakatoka korongoni. Bibi yake mtoto alikuwa amesimama pale pale, asali kidoleni. Akampokea mjukuu, akambusu mikunjo ya mikono, akauliza:

"Nani kakuvushia?"

"Ni mimi, mama," akadakia Ntandu. "Nisiposema mimi, nyayo zangu zitasema. Nani alipanda mwamba? Mgongo upi ulimbeba?"

"Mgongo ule ule uliomwingiza njia ya kushoto," akasema Mbuke. "Na msichana ataitwaje Ntandu?"

"Mbuzi wetu jike ana jina la babu, na anazaa vizuri! Na wewe dada, uliiba njia ukaipikia uji."

"Kosa ni langu, silikatai. Lakini nisingepika, moshi ungeuona wapi? Unga ule ulikuwa wa mwisho, nao sikuubakiza." Akafuta masizi mikononi. "Mimi sina mtoto. Sisemi mnihurumie. Nasema mjue nitakavyombeba."

Sikitu akasema, "Na asiyekuwapo je? Kalunde alinikataza nisije, kisha akatangulia kuja kabla yangu, na goti lile. Bila maji yake, uji ungepikwa kwa maji yapi?"

"Ni mama yangu, atanisamehe," akasema Ntandu. "Lakini mtungi ni wa kila mtu. Nyani angeyanywa, naye angekuwa mwanawe? Na maji alituwekea, neno moja la kwaheri je, alituambia?"

"Hakuniambia," akasema Sikitu. "Na mimi sikumuuliza."

"Basi ujitaje mwenyewe, shemeji."

"Mama hajitaji," akasema bibi. "Yeye na mtoto bado ni mmoja. Nitajie jina, mwanangu. Jua haliningoji."

Sikitu akatazama nyayo za Ntandu zilizojaa malengelenge. Akatazama viganja vya Mbuke vilivyoungua kwa mawe ya njia panda. Akatazama kawa aliyoibeba kwapani, arudi nayo nyumbani. Jina ni moja, haligawanyiki. Akafungua mdomo.

Enhe, mbona mnanitazama mimi? Jua limebakiza ukingo mwembamba kama ukucha, asali inadondoka kidoleni, na mtoto amekwisha kutoa ulimi. Mmoja alimbeba baada ya kumpoteza. Mmoja alimlisha baada ya kuiondoa njia. Mmoja alimwekea maji, akamnyima mama yake neno. Semeni upesi, lisije likazama: je, nani alistahili?