Mkono wa Kuume wa Shekuwe

Enyi mlioketi jamvini, wenye mvi na wenye ujana, na ninyi kina mama mlio upande wa pili wa pazia, nawaamkia kila mmoja kwa daraja yake. Nipeni masikio yenu, nami nitawapa hadithi. Ikiisha, nipeni hukumu, kwa kuwa mimi nimeitafuta na sijaipata.

Hapo zamani, katika mji wa nyumba za mawe na vichochoro vyembamba, palikuwa na kijana jina lake Shekuwe, mkerezaji wa miguu ya vitanda. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamefariki. Urithi wake ulikuwa keezo la kukerezea miti na joho moja la marehemu baba, lililopauka mabegani, ambalo hakuruhusu mtu aliguse.

Shekuwe alimpenda Mwanakheri, na Mwanakheri alimpenda. Lakini mji ule ulikuwa na ada yake. Kabla ya nikaha, sanduku la nguo za mposaji hupelekwa kwa mashangazi wa binti. Hulifungua, wakageuza kila vazi ndani nje, wakakagua kila mshono. Nguo zikiwachukiza, posa hurudishwa. Zikiwaridhisha, mposaji hupewa kilemba kimoja, naye humpa yule aliyemvisha. Apewaye kilemba hutembea mkono wa kuume wa bwana arusi, na tangu siku hiyo huhesabiwa mzazi wake. Kwa mwenye wazazi, hilo lilikuwa jambo la furaha tu. Kwa yatima, lilikuwa jambo la kukosesha usingizi.

Basi Shekuwe akaenda kwa Mzee Lali, aliyekuwa muuza vitambaa kabla macho yake hayajapofuka.

"Babu, nina haja kubwa na mfuko mdogo."

"Umekusudia kununua nini?"

"Kanzu za kutosha kujaza sanduku. Nimeziona dukani, rahisi, tena zinang'aa."

Mzee Lali akacheka hadi akakohoa. "Zinang'aa! Hata kamasi hung'aa, mjukuu wangu. Nipeleke."

Dukani akakamata kanzu moja, akaifikicha, wanga ukamwagika magotini kama unga. "Ukiifua hii mara moja, utakuwa umevaa chandarua."

"Mzee, unanifukuzia wateja!" akalalamika mwenye duka.

"Nakufukuzia lawama," akajibu, akamvuta Shekuwe nje. "Nunua kitambaa cha bafta cha kanzu moja, kilicho chema. Kama huiwezi leo, ngoja."

Shekuwe akangoja. Msimu ukapita, akangoja. Mposaji mwingine, mwenye maduka, akabisha hodi kwa kina Mwanakheri. Mwanakheri akagoma kula mpaka mposaji yule akaondoka, na Shekuwe akakonda kwa hofu, naye bado akangoja. Bafta ilipopatikana, ilikuwa laini na nzito, safi ndani kama nje.

Akaipeleka kwa Fundi Kae, mshonaji.

"Fundi, nina haja kubwa na mfuko mdogo."

"Mfuko wako kaa nao. Lete kitambaa." Akaishona kanzu bila ujira. Kisha akauliza, "Na joho?"

"Nitaazima."

"Uazime! Mashangazi wale watanusa jasho la mwenyewe. Niletee la baba yako, nilipime tu."

Shekuwe aliporudi, alilikuta joho limefumuliwa lote, vipande vimetandazwa mkekani. Akaketi chini.

"Fundi, ulisema kulipima."

"Ningekuomba kulifumua, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikuomba."

Fundi Kae akaigeuza nguo ile, upande wa ndani usioonja jua akauleta nje, mweusi kama siku ulipofumwa. Joho likashonwa upya. Shekuwe akalivaa, likamkaa kana kwamba amezaliwa nalo. Akafurahi, na papo hapo akalia, kwani mikunjo ya mabega ya baba yake haikuwapo tena.

Mwisho akaenda kwa Bi Esha, mshona kofia.

"Bi Esha, nina haja kubwa na mfuko mdogo."

Bi Esha akatoa kofia ya viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Alikuwa amemshonea mwanawe wa pekee, naye akafa kabla ya kuivaa. "Ijaribu, mwanangu." Ikamtosha.

Asubuhi ya kupeleka sanduku, Bi Esha akataka kuifukiza kanzu kwa udi. "Nataka mashangazi wainuse kabla hujafika kichochoroni," akasema, akazidisha makaa chetezoni. Cheche ikaruka, pindo la kanzu likatoboka. Hakupiga kelele. Akachukua sindano, akalizungushia tundu uzi, likawa kiua. Lakini kiua kimoja pekee kilionekana kama kidonda, basi akazungusha viua pindo zima, vidole vikitoka damu, hadi adhana ya alasiri.

Sanduku likafunguliwa. Shekuwe alikuwa nyuma ya pazia. Mwana Nuru, shangazi mkubwa, akauliza, "Joho hili limegeuzwa. La nani?"

"La marehemu baba yangu, shangazi."

"Na viua pindoni? Ndiyo mtindo mpya?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hapana, shangazi. Kimoja kilikuwa tundu la moto."

Kisha Mwana Nuru akasema, "Sanduku karibu tupu, na hamna humo nguo ya kurudisha. Mpeni kilemba."

Siku ya arusi, wote watatu wakasimama mlangoni kwa Shekuwe, kila mmoja akidai mkono wake wa kuume.

Mzee Lali akasema, "Sikushona hata uzi. Lakini bila mimi, Kae angeshona chandarua, na Esha angekifukiza. Mimi arusi hii sitaiona, mjukuu wangu. Nitaijua kwa kiwiko chako tu."

"Ulimngojesha hadi nusura anyang'anywe mchumba!" akasema Fundi Kae. "Shekuwe, joho lile nililishona mimi, baba yako alipooa. Nilimvisha yeye, nikakuvisha wewe."

"Ukachukua usichopewa," akasema Bi Esha. "Mimi nilitoboa, sikatai. Lakini, Shekuwe, nilikupa kofia ya mwanangu. Kilemba chenyewe sikitamani. Natamani kutembea na mwana, mara moja tu."

Matari yakalia nje. Shekuwe akasimama kizingitini, kilemba mikononi, na mkono wake wa kuume hapakuwa na mtu.

Enyi mlioketi jamvini, je, nani alistahili?

Nimewafikishia kama nilivyofikishiwa na aliyenisimulia kwanza, Bi Mwanapili binti Sudi.