Kiti cha "Chai Imepoa"

Hapo zamani, zamani ya santuri na redio za mbao, palikuwa na bendi mjini Korogwe iliyoitwa Manyunyu. Wanamuziki wake walikuwa tisa. Wengine walikuwa makarani wa mashamba ya mkonge, mmoja alikuwa fundi cherehani, na kiongozi wao, Athumani Shemdoe, aliacha kazi ya reli ili aimbe.

Manyunyu walikuwa na desturi yao. Kila wimbo ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mtunzi. Alikuwa ni yule ambaye bila yeye wimbo usingekuwepo. Wimbo wake ukifika zamu, kiti kililetwa mbele ya jukwaa, akaitwa, akakaa, ndipo gitaa likaanza. Wimbo wa "Pancha" ulikuwa wa fundi baiskeli wa sokoni, naye alikaa na kofia yake kichwani hata ukumbi ukiwa tanuri. Wimbo wa "Mwenye Nyumba" ulimsema mama mmoja aliyewafungia wapangaji choo kwa kufuli. Alisemwa beti nne nzima, na hakuna Jumapili aliyokosa kuja.

"Wananisema, lakini nimekaa," alikuwa akiwaambia watu. "Nyie mmesimama."

Wimbo mmoja tu haukuwa na mtu. Nao ndio uliovuka mipaka ya nchi. Uliitwa "Chai Imepoa". Kiitikio chake kilikuwa hivi:

Chai imepoa, nami sijafika,
usiimwage, nitainywa hivyo hivyo.

Kila mtu alikuwa na maana yake. Wapenzi walisema ni wimbo wa wapenzi. Wakata mkonge walisema chai ni ahadi za meneja. Askari waliorudi kutoka vitani walisema ni wimbo wao. Mwalimu mmoja wa Muheza aliuweka kwenye mtihani, wanafunzi arobaini na wawili wakaleta maana arobaini na mbili, naye akawapa wote alama.

Shemdoe alipoulizwa maana, alijibu kwa swali: "Wewe umesikia nini?" Wimbo ulipofika zamu alishuka jukwaani, akaleta kiti kwa mikono yake, akakiweka mbele, akakiacha kitupu. Kisha akaimba akikitazama.

Alikuwa na mke, Bi Mwasiti. Bendi ikisafiri, Bi Mwasiti hakujua siku ya kurudi, kwa sababu Shemdoe mwenyewe hakuijua. Kwa hiyo kila alfajiri alichemsha chai ya watu wawili, akafunika kikombe kimoja kwa kisahani. Siku nyingine kikombe kile kilikaa mpaka jioni. Shemdoe akirudi, alifunua kisahani, akanywa amesimama, kabla hata hajavua viatu. Hakuwahi kuomba ipashwe moto.

Wimbo ulipoanza kusikika redioni, Bi Mwasiti alimuuliza mara moja tu. "Baba Saida, huu si wimbo wangu?"

Shemdoe akasema, "Wewe umesikia nini?"

Alimjibu kama alivyomjibu mwandishi wa gazeti. Bi Mwasiti hakuuliza tena.

Na kulikuwa na ubeti wa tatu. Huo hakuna aliyeuelewa:

Kama ni lawama, nibebeshe mimi,
yeye hakujua, yeye hakuambiwa.

Watu wakauliza, huyo "yeye" ni nani? Wengine wakasema yuko Handeni. Wengine wakasema yuko Tanga, tena ana duka la vitambaa. Siku moja Bi Mwasiti alifika bombani, mazungumzo yakakatika. Aliweka ndoo yake chini ya mfereji na kungoja ijae, na maji hayajawahi kutoka polepole kama siku ile. Miaka ishirini alikiona kiti kile kitupu, na kila mara alijua kwamba ukumbi mzima unamtazama kuona kama atakaa.

Shemdoe akafa. Aliumwa siku nne, na katika siku hizo hakusema jambo lolote kuhusu nyimbo.

Bi Mwasiti akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Wimbo nao ukakaa eda, kwa maana bendi haikuupiga muda wote huo. Hiyo nayo ilikuwa desturi. Eda ikiisha, kiti lazima kipate mtu. Kisipopata, wimbo haupigwi tena na Manyunyu, kwa sababu mtunzi, ambaye ndiye angeweza kukiacha kitupu, hayupo.

Siku ya tatu baada ya eda, Rajabu Singano alikuja nyumbani kwake. Rajabu ndiye aliyepiga tumba, na sasa ndiye aliyekuwa kiongozi.

"Shemeji," alisema, "tumekaa tukazungumza. Kiti utoe wewe. Sisi sote tunaona ni chako, lakini hatutaki kukukalisha. Jumapili, kwenye dansi la mchana, utakuja mwenyewe, utasema ni cha nani. Utakachosema ndicho."

"Na nikisema ni changu?"

"Tutapiga."

Usiku ule Bi Mwasiti alilala vizuri. Asubuhi alitoa kanga zake mbili sandukuni, akachagua moja, akaipiga pasi.

Ijumaa wakaja watu wawili, mmoja asubuhi, mmoja alasiri. Hawakuja pamoja, wala hawakujua habari ya mwenzao.

Wa kwanza alikuwa Mama Hoza, mama aliyeuza chai stesheni. Alikuwa mzee kuliko Bi Mwasiti kwa miaka kama kumi na tano. Alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akasema:

"Mwanangu, nimesikia Jumapili unatoa kiti. Nimekuja kusema langu, halafu nitakwenda."

"Sema, mama."

"Mwanangu Hoza aliondoka hapa na treni mwaka wa vita. Hakurudi. Hatukuletewa mwili, hatukuletewa nguo. Kila treni ikiingia nikawa namimina kikombe, nakiweka pembeni ya benchi. Wenzangu wakasema nimechanganyikiwa. Labda. Siku moja mumeo alikuwa anangoja treni, imechelewa kama kawaida yake. Akataka kukaa, akakuta kikombe. Akakishika amwage, chai imeshapoa. Nikamwambia, usiimwage, atainywa hivyo hivyo."

Bi Mwasiti alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Alikaa chini sakafuni," Mama Hoza akaendelea. "Treni ikaja, ikaondoka, yeye hakupanda. Akaandika kwenye boksi la sigara. Akaniuliza, mama, maneno haya nikiyaimba utachukia? Nikamwambia imba. Labda atasikia huko aliko."

"Na kiti, mama? Unakitaka?"

"Mimi na dansi wapi na wapi? Miguu yenyewe hii. Lakini Hoza hana kaburi. Nikikaa pale, mtoto wa leo atauliza, yule bibi ni nani? Ataambiwa, ni mama yake Hoza. Jina lake litatajwa kila Jumapili. Ndilo ninalotaka."

Akasimama kwa kushika ukuta. Bi Mwasiti alimsindikiza mpaka njia kuu.

Wa pili alikuwa Eliya Mhina, mpiga gitaa la solo. Wimbo ule ulianza kwa gitaa lake, nota saba zilizoshuka taratibu, na nchi nzima ilizijua. Alikataa kiti, akakaa kizingitini.

"Shemeji, ubeti wa tatu unaujua?"

"Naujua kuliko unavyodhani."

"Haukuwepo kwenye karatasi. Tulifanya mazoezi mwezi mzima, wimbo una beti mbili. Tulikwenda Dar es Salaam kurekodi, tukapewa nusu saa. Tepu moja. Tukikosa, tungoje mwaka mwingine. Asubuhi ile ikaja telegramu. Telegramu zetu zote zilikuja kwa jina la kiongozi wa bendi, unakumbuka. Ilisema baba yangu mahututi, nije upesi. Basi la Korogwe lilikuwa linaondoka saa nne. Shemdoe akaisoma, akaiweka mfukoni. Hakuniambia."

Bi Mwasiti alisogea karibu na kizingiti.

"Tulirekodi saa tano. Beti mbili zilipokwisha nikajua tumemaliza, nataka kufunga. Akaniashiria niendelee. Akanigeukia, akaniimbia usoni, yeye hakujua, yeye hakuambiwa. Mimi nikadhani amepandisha mzuka tu. Tulipotoka nje akanipa ile telegramu. Nilifika nyumbani baba ameshazikwa."

"Eliya," alisema Bi Mwasiti, "ulipiga naye miaka yote hii."

"Miwili ya kwanza bila kumsemesha. Tulipokezana kwa macho. Halafu siku moja, jukwaani hapo hapo, akaimba ubeti ule akashindwa kuumaliza, nikamalizia mimi kwa gitaa. Basi, yakaisha." Alikuna goti lake. "Baba aliondoka akijua mwanawe aliitwa, akakataa kuja. Ndugu zangu mpaka leo wanajua hivyo. Nikikaa kwenye kile kiti, nao wakiwepo ukumbini, ubeti ule watausikia kwa mara ya kwanza. Sijui niseme vipi zaidi."

"Na gitaa nani atapiga?"

"Nimemfundisha kijana wetu Kilo. Anazikosea nota mbili, lakini anazikosea vizuri."

Bi Mwasiti alicheka, na alipocheka machozi yakamtoka. Miaka ishirini alikuwa na mwanamke wa Handeni moyoni mwake, na wa Tanga mwenye duka la vitambaa. Kumbe walikuwa mwanamume huyu aliyekaa kizingitini kwake, na mzee mmoja aliyekufa akimngoja mwanawe. Uchungu mmoja ulimtoka saa ile. Lakini ulipotoka, akaona kwamba umeondoka na kitu kingine, kwa maana wimbo uliokuwa wake wote sasa ulikuwa na watu ndani.

Jumamosi alikwenda kwa Rajabu, akamweleza yote. Wanamuziki walikuwepo, isipokuwa Eliya, wanakaza ngozi za tumba.

Rajabu akasema, "Mama Hoza alitoa maneno. Bila maneno hakuna wimbo."

Mpiga saksafoni akasema, "Maneno kila siku yanasemwa stesheni. Watu mia wameyasikia. Kwa nini aliyekaa sakafuni akaiacha treni ni Shemdoe peke yake? Kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na kikombe kama kile. Wimbo ni wa shemeji."

Fundi cherehani, aliyepiga besi, akasema, "Wake wangapi wanaweka chai? Mke wangu ananiwekea, mbona sijatunga hata mstari? Na angekuwa ni yeye, mume angemwambia. Samahani, shemeji."

"Endelea," alisema Bi Mwasiti.

"Ninachosema, Eliya angepanda basi la saa nne, tepu ingebaki tupu. Wimbo ungekufa hapa hapa Korogwe. Kilichoulipia ni pumzi za mwisho za baba yake."

"Lakini wimbo ulikuwepo kabla ya telegramu," alisema Rajabu. "Eliya aliibiwa siku yake. Je, anayeibiwa ndiye mwenye wimbo?"

Kilo, mdogo wao wote, akasema, "Tuweke benchi, wakae watatu."

"Benchi ni la kliniki," Rajabu akamjibu. "Hapa kiti ni kimoja. Tukikaa watatu leo, kesho tutakaa ukumbi mzima, na kila mmoja ana chai yake."

Bi Mwasiti aliwaomba waache. Aliwaambia jambo moja ambalo hajawahi kumwambia mtu. "Siku aliponijibu, wewe umesikia nini, niliona kama amenifungia mlango. Sasa nafikiri labda alikuwa anauliza kweli. Nami sikumjibu."

Jumapili ukumbi ulijaa mapema. Ndugu zake Mhina wawili walikuwa wamekuja, wamesimama karibu na mlango kama watu walio tayari kuondoka. Mama Hoza aliletwa kwa baiskeli, akashushwa, akaegemea nguzo. Mama wa "Mwenye Nyumba" alikuwa mstari wa mbele, na alikuwa akimwambia jirani yake kwa sauti kwamba mke ni mke, hilo halina mjadala. Fundi baiskeli akamjibu kwamba yeye mwenyewe hakuwa mke wa mtu alipopata kiti.

Saa tisa na nusu Rajabu alishuka jukwaani. Alileta kiti, akakiweka mbele.

"Shemeji," alisema, "tunakungoja."

Bi Mwasiti akatoka katikati ya watu. Alikuwa amevaa ile kanga aliyoipiga pasi. Alisimama nyuma ya kiti, akakishika mgongoni kwa mikono miwili. Mhina alikuwa jukwaani, gitaa bado liko begani, hajampa Kilo. Mama Hoza alikuwa anatazama chini.

Akikaa yeye, atajibu swali aliloulizwa miaka ishirini iliyopita, na mji wote utasikia jibu lake. Akimkalisha Mama Hoza, kijana asiye na kaburi atakuwa na mahali pa kutajwa. Akimkalisha Mhina, ndugu wawili walioko mlangoni watajua kwamba mwenzao hakukataa kumzika baba yake. Anaweza kumkalisha mmoja tu, na akishakalishwa haondolewi.

Mmoja aliuishi ule wimbo, mmoja aliusema, mmoja aliugharimia. Nanyi mliosikia yote kama alivyoyasikia Bi Mwasiti, jibuni kwa niaba yake: kiti kile kilikuwa haki ya nani?