Aliyemzuia Luteni Nyamizi

Hapo zamani, katika kambi ya wanajeshi wajenga madaraja, alikuwapo luteni kijana aitwaye Nyamizi. Alifika akiwa hajui udongo upi hubeba nguzo na upi huimeza. Meja Kihwele ndiye aliyemfundisha. Wakiwa porini alimgawia chai ya chupa yake mwenyewe, akamwita mwanangu.

Kila mwaka Kanali, mkuu wa kambi, alisoma majina ya wanaokwenda kozi ya ukapteni. Mwaka wa kwanza Nyamizi hakusomwa. Meja akamwambia, "Vumilia, mwanangu." Mwaka wa pili hakusomwa. "Vumilia, mwanangu." Mwaka wa tatu wakasomwa vijana aliowafundisha yeye kufunga kamba. Wenzake wakamtania, "Luteni wa kudumu, utastaafu na nyota zako mbili hizo hizo." Akacheka nao. Alipofika nyumbani akamnyonyesha mwanawe, machozi yakimdondokea mtoto usoni.

Mwaka wa nne alikwenda masjala kutafuta mchoro wa daraja, akakuta jalada lenye jina lake. Akalifungua. Kila mwaka Meja alikuwa ameandika: "Ofisa bora kuliko wote. Asipelekwe kozi. Akiondoka, kikosi kitalemaa." Chini yake, saini ya Kanali. Na aliyechapa yote ni karani, Sajini Mbawala, yule yule aliyembeba mtoto wa Nyamizi mgongoni kwenye mvua, mpaka hospitali.

Nyamizi akaandika barua ya kuacha jeshi.

Meja akamfuata mbio. "Mwanangu, mimi nilikusifu. Neno baya liko wapi?"

"Ulinipenda, afande, kama mtu anavyopenda jembe lake."

Kanali akasema, "Nilitia saini tu. Nilidhani mwalimu wako amekwambia. Nina maofisa sitini, nitamuuliza kila mmoja?"

Sajini Mbawala alisimama wima, macho chini. "Afande, nilikula kiapo cha siri. Lakini nisikudanganye. Ni wewe peke yako uliyekuwa ukituuliza watoto wameamkaje. Sikutaka uende."

Nyamizi akambeba mwanawe. "Barua inapelekwa makao makuu Ijumaa," akasema. "Mwenye kosa aje nyumbani aniombe radhi. Simtaki mwingine, namtaka mwenye kosa. Akija, naichana, narudi kazini, maana kazi hii naipenda."

Meja akangoja Kanali atangulie. Kanali akangoja Meja. Sajini alipiga pasi sare, akafika hadi geti la kambi, akarudi. Wakubwa hawajakwenda, yeye ni nani?

Siku nne Nyamizi alikaa barazani, akitazama njia. Kila kiatu kilipolia kwenye kokoto alijitengeneza kilemba. Ijumaa barua ikaenda.

Haya, nyinyi mnaosikiliza. Mmoja alimsifu mpaka akamfungia njia. Mmoja alitia saini asiulize. Mmoja alijua, akanyamaza. Na wote walimpenda. Je, nani aliyestahili kubisha hodi?