Bi Nguchiro na Dagaa Waliosingiziwa

Sogeeni karibu, na mwenye karanga mdomoni atafune amalize. Sipendi kusimulia huku mtu ananitafunia masikioni.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kila mnyama alikuwa na nyumba yake, jiko lake na jirani wa kumsengenya, kulikuwa na nchi moja kando ya ziwa. Chakula chao kilikuwa ugali na dagaa. Mchana ugali na dagaa, jioni dagaa na ugali. Na wewe unayekunja pua hapo nyuma, ungekula tu, tena ungeramba vidole.

Mfalme wa nchi ile alikuwa Kifaru. Nguvu anazo, pembe anayo, lakini macho, mh! Hata mkia wake mwenyewe hajawahi kuuona. Akiambiwa jambo kwa sauti kubwa, anaamini. Akiambiwa kwa sauti ndogo, anauliza, "Nani huyo anapiga miayo?"

Basi mwaka mmoja, baada ya mavuno, ugonjwa ukaingia. Matumbo yakanguruma, ngruuu! Macho yakawa ya manjano. Wanyama wakajikokota mpaka uwanja wa mfalme, wameshika matumbo, wanalia, "Tunakufa! Tunakufa!"

Mfalme Kifaru akapiga mguu chini. Puh! "Nani ataniambia ugonjwa huu umetoka wapi?"

"Mimi!" akadakia Fisi, kwa sauti kubwa kuliko wote. Huyu Fisi ndiye aliyekuwa mtunza ghala la mahindi la nchi nzima. "Niachie mimi, Mtukufu. Nitafanya utafiti."

Akawapanga wagonjwa mstari mmoja, akapita akiuliza.

"Wewe Pundamilia, jana ulikula dagaa?"

"Nilikula, Bwana Fisi."

"Ahaa! Na wewe Ngiri?"

"Mimi pia."

"Ahaa! Na wewe Nyani?"

"Dagaa? Nilikula sahani mbili."

"Ahaaa!" Fisi akageuka kwa mfalme, kifua mbele. "Mtukufu, umesikia mwenyewe. Kila mgonjwa amekula dagaa. Hakuna hata mmoja aliyekosa! Basi dagaa ndio sumu."

Wanyama wote wakasema, "Looo!" Na mfalme, kwa kuwa jambo limesemwa kwa sauti kubwa, akaamini. Akatoa amri: dagaa marufuku, watoto kwa wakubwa. Atakayekutwa nao anyang'anywe, na Bwana Fisi akawazike nyuma ya ghala.

Sasa pembeni ya nchi, kwenye mawe, alikaa Bi Nguchiro. Kadogo, kembamba, kenye macho yasiyotulia. Alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidawa. Alilima kishamba chake nyuma ya nyumba, akaanika mahindi yake juu ya jiwe, akasaga unga wake mwenyewe. Yeye na Kidawa hawakuwa wameumwa tumbo hata kidogo.

Lakini amri ni amri. Dagaa wakaondoka jikoni, ukabaki ugali mtupu. Ugali na chumvi. Ugali na maji. Kidawa akaanza kunyong'onyea. Manyoya yakapauka, miguu ikavimba, michezo akaacha. Watoto wenzake walimwita, "Kidawa, njoo turuke kamba!" Yeye akabaki kwenye mkeka, anawatazama tu.

Mama yake aliogopa. Nawaambieni aliogopa, maana mtoto anayelia unajua anataka nini, lakini mtoto aliyenyamaza hakuambii kitu.

Akaenda mbio kwa Fisi. "Hodi, Bwana Fisi! Mwanangu anadhoofika. Na sisi tulikuwa tunakula dagaa kila siku, hatukuumwa. Labda si dagaa?"

Fisi akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Hi hi hiii! Nyumba moja si utafiti, mama. Nenda nyumbani."

"Basi nikuulize, wale wasiokula dagaa uliwauliza?"

"Wa nini? Hawakuja kulalamika. Maana yake ni wazima."

Bi Nguchiro akaondoka, lakini neno lile lilimkwaruza kooni kama mwiba wa samaki. Hawakuja kulalamika. Njiani akapita nyumbani kwa Swala. Watoto wa Swala walikuwa hawapendi dagaa tangu kuzaliwa, walidai wananuka. Chakula chao kilikuwa ugali wa ghala na chumvi.

"Hodi hapa!"

Kimya.

Akasukuma mlango. Familia nzima imelala chali! Macho ya manjano kuliko ya Pundamilia.

"Shoga, mbona hamkuja kwa mfalme siku ile?"

Mama Swala akajibu kwa taabu, "Kuja kwa miguu ipi, shoga yangu? Hata kusimama tumeshindwa."

"Na dagaa hamjala?"

"Hata harufu yao."

Bi Nguchiro akawachotea maji, akawafunika, akatoka. Ziwani akamkuta Korongo, miguu majini. Korongo hajui ugali ni nini. Yeye ni dagaa asubuhi, dagaa jioni, na amri ya mfalme haijamfikia kwa kuwa hasikilizi mtu.

"Korongo, tumbo lako vipi?"

"Tumbo langu?" Korongo akashangaa. "Lina nini?"

Unene wake, wajukuu zangu, mngecheka.

Hapo Bi Nguchiro akageuza njia. Akaenda moja kwa moja mpaka ghalani. Mlango una kufuli, lakini chini ya ukuta pana kitundu. Chururu! Akapenya. Looo! Mahindi yameota kuvu, kijani na nyeusi, yamegandamana. Yananuka uvundo. Mtu aliyaingiza mabichi, bila kuyaanika. Na nyuma ya ghala, mahali pa kuzikia sumu, hapakuwa na kaburi hata moja. Palikuwa na jiko, sufuria, na Fisi amejinyoosha kivulini, anatafuna dagaa wa watu. Kwacha, kwacha, kwacha.

Alitaka kumrukia. Lakini angemfanya nini? Fisi angemmeza pamoja na hasira zake. Tena akienda kusema kwa mfalme kwa ile sauti yake ndogo, mfalme atauliza nani anapiga miayo. Akarudi nyumbani, akamnywesha Kidawa maji, akawaza. Kisha akacheka peke yake.

Kesho yake alikwenda uwanjani, akasimama juu ya kisiki na kupaza sauti kadiri alivyoweza. "Mtukufu Mfalme! Bwana Fisi ametuokoa na hatujamshukuru hata kwa tonge. Naomba nimpikie karamu mbele ya watu wote."

"Wazo zuri!" akanguruma mfalme.

Fisi akasikia neno karamu, masikio yakasimama.

Mjue kwamba nchi ile ilikuwa na desturi moja: karamu ikiandaliwa, anayeheshimiwa ndiye humega tonge la kwanza, na hakuna anayegusa chakula mpaka lile tonge limeshuka tumboni. Kukataa ni kumtukana aliyepika.

Watu wakakusanyika. Bi Nguchiro akaja na sahani mbili zimefunikwa. Akafunua ya kwanza. Ugali mweupe, unafuka moshi, fuuu!

"Karibu, Bwana Fisi. Ugali mtupu, kama ulivyotufundisha. Na nimeuheshimu utafiti wako. Mahindi nimeyatoa ghalani kwako, ile kona ya nyuma kabisa."

Mkono wa Fisi ukakwama hewani. "Kona ya nyuma?"

"Ya nyuma kabisa. Mega, tunakusubiri."

"Ah... mimi leo nimefunga."

"Umefunga na nyama ya asubuhi bado iko kwenye meno?" akauliza Nyani. Watu wakacheka.

"Jino! Jino linaniuma."

"Ugali hauhitaji jino," akasema Bi Nguchiro kwa upole. "Unameza tu."

Mfalme Kifaru akaanza kukunja uso. "Fisi, mega."

"Mtukufu, tumbo limejaa, hapana nafasi, nitapasuka, pwaa!"

"Basi pole," akasema Bi Nguchiro. "Tusimlazimishe. Na hii sahani ya pili si chakula, ni dagaa niliowapata kwa Korongo. Nimewakaanga na nyanya na kitunguu wasinuke njiani. Nakuomba uwazike."

Akafunua. Harufu ikapanda! Mate yakamtoka Fisi, chururu, mpaka kidevuni.

"Nipe, nipe nikawazike!"

"Sasa hivi, Bwana Fisi? Ni sumu kali, usikaribie sana."

"Nimezoea!" Na kabla hajajua anafanya nini, mkono umo sahanini. Ham! Kwacha! Ham! Sahani ikabaki inang'aa.

Watu wote wakamgeukia mfalme.

"Fisi," akasema mfalme polepole, "mimi sioni mbali, lakini hili limetokea chini ya pua yangu. Chakula salama umekikimbia. Sumu umeiramba. Na tumbo lililokuwa halina nafasi limepata wapi nafasi?"

"Lakini utafiti, Mtukufu! Kila mgonjwa alikula dagaa!"

"Ni kweli," akasema Bi Nguchiro. "Kila mgonjwa alikula dagaa. Tena kila mgonjwa alikunywa maji ya ziwa. Na kila mgonjwa alimpigia magoti Mfalme. Mbona hukusema Mfalme ndiye anayewaumiza matumbo?"

"Enhee!" akasema Mfalme Kifaru, na mara hii aliisikia ile sauti ndogo vizuri sana. "Mbona hukusema?"

Bi Nguchiro akaendelea, "Hapa ziwani nani asiyekula dagaa? Ungewauliza wazima nao wangesema wamekula. Mimi nimekula, sikuumwa. Korongo hali kingine, na mnaona alivyo. Na akina Swala hawakuonja hata mmoja, walikula ugali wa ghala tu, nao ndio wamelala hawawezi kusimama. Bwana Fisi hakuwahesabu kwa sababu hawakuja. Nyinyi mliokuja kulalamika, dagaa ndio waliowapa nguvu ya kuja!"

Akamega tonge la ugali, akalitia mdomoni, akameza. Watu wakapiga kelele.

"Msiogope. Unga huu ni wa mahindi ya shambani kwangu, niliyaanika mwenyewe juu ya jiwe. Nilimdanganya Bwana Fisi, sikuyagusa ya ghala. Lakini yeye aliogopa nini, kama mahindi yake ni mazima?"

Mfalme hakungoja jibu. Alikwenda ghalani, akaupiga mlango kwa pembe, kraak! Akaingiza kichwa. Vumbi la kijani likamvaa usoni. "Chyaa! Chyaa!" Alipiga chafya mpaka paa likatetema.

Fisi akaanguka magoti. "Nisamehe, Mtukufu! Siku ya kuanika kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Nikasikia ngoma inalia, nikayasukumiza ndani mabichi. Watu walipoanza kuumwa nikaona aibu. Halafu... dagaa walikuwa watamu."

Wengine walitaka apigwe. Bi Nguchiro akasema, "Tukimpiga nani atafanya kazi? Ayachome haya yaliyooza, kisha mavuno yajayo aanike kila hindi, na mimi nisimame juu yake." Mfalme akakubali. Mahindi mabovu yakachomwa, watu wakala mihogo na viazi mpaka msimu mwingine, na dagaa wakarudi jikoni. Akina Swala walilishwa supu ya dagaa huku wameziba pua, wakaamka.

Na Kidawa? Mama yake alimsagia dagaa laini, akamlisha kidogo kidogo. Mwanzo alimeza tu. Baadaye akaomba aongezwe. Hata siku moja Bi Nguchiro yuko jikoni, akasikia nje, "Moja! Mbili! Umekanyaga kamba, toka!" Sauti ni ya Kidawa, anagombana na wenzake, tena anagombana kwa nguvu. Mama akaegemea mlango akalia na kucheka kwa pamoja, ugali ukaungua, na hakujali.

Nami nilipowaacha walikuwa bado wanaruka. Fundisho ni hili: ukimtafuta aliyekuumiza tumbo, usimshike kitoweo peke yake, chungulia sahani nzima.