Korongo Alivyopanga Mabingwa

Nyamazeni! Tangu asubuhi mnapigiana kelele hapa barazani. Huyu anasema yule kijana wa uzito wa unyoya ndiye mkali kuliko wote. Huyu anasema hapana, ni lile jitu la uzito wa juu. Huyu anasema ukiweka uzito pembeni, wa kwanza ni mwingine kabisa. Watu wenyewe wanapigana ngumi na mateke ndani ya wavu huko mbali, hata hawawajui, na mahindi yangu hayajapukuchuliwa. Mmenichosha! Kaeni chini niwape ngano, na mikono ifanye kazi huku masikio yakisikia.

Nikiita "Ngano!", itikieni "Ilete!"

Ngano!

Ilete!

Sijasikia. Sauti mnayo ya kubishana tu? Ngano!

Ilete!

Haya, imefika, ipisheni ikae.

Zamani, zamani za kale, wanyama wa Mto Mkavu walikuwa na michezo yao. Kila mwaka mvua zikiisha walikutana mchangani kupigana. Ngumi ruksa, mateke ruksa, kukabana chini ruksa. Kuuma ilikuwa marufuku.

Nao hawakuwa wajinga. Walijua panya hawezi kupambanishwa na nyati. Kwa hiyo waliweka gogo juu ya kichuguu, likawa linabembea. Mpiganaji anakaa upande huu, jiwe linawekwa upande ule. Kulikuwa na jiwe dogo, jiwe la kati na jiwe kubwa. Anayelingana na jiwe dogo anapigana na wa jiwe dogo. Wa jiwe la kati na wenzake. Wa jiwe kubwa na wenzake. Ukishinda, wewe ni bingwa wa jiwe lako. Unapigiwa makofi, unakwenda nyumbani.

Mambo yalikuwa mazuri hivyo. Yangeachwa hivyo!

Mwaka huo bingwa wa jiwe dogo alikuwa Nguchiro, mwembamba, mwepesi, haonekani anapoanzia wala anapoishia. Bingwa wa jiwe la kati alikuwa Ngiri, mwenye pembe za mdomoni na kiburi cha kumtosha. Bingwa wa jiwe kubwa alikuwa Kiboko. Huyo hakuhitaji hata kupigana sana, akikulalia umekwisha. Na mwamuzi wao alikuwa Korongo, yule ndege wa miguu mirefu. Anasimama kwa mguu mmoja na kuandika mchangani kwa mdomo.

Sasa sikilizeni. Mwaka huo jua lilikuwa kali, mto ukakauka wote. Kikabaki kisima kimoja, kishimo tu kwenye mchanga, na maji yake kidogo chini kabisa. Asubuhi moja wanyama wakaenda kunywa, wakakuta Swila ameingia humo. Mnamjua Swila? Nyoka mweusi, anavimbisha shingo, anatema sumu ya macho. Akatoa kichwa, akasema, "Kisima kina mwenyewe. Anayetaka maji aingie tuonane."

Mama Digidigi alikuwa hapo na mwanawe, Sikudhani. Digidigi ni paa mdogo, miguu yake kama vijiti, na mtoto mwenyewe alikuwa ameachishwa ziwa juzijuzi. Maziwa yalishakauka. Bila maji ya kisima kile, mtoto hana siku nne. Sikudhani akasema, "Mama, nina kiu, nataka maji."

Mama Digidigi akakimbia kwa Korongo. Akasema, "Bwana mwamuzi, tuna mabingwa watatu. Mtume mmoja amtoe Swila. Na shimo ni jembamba, Kiboko hapiti, Ngiri hapiti. Anayepita ni Nguchiro. Mtume Nguchiro."

Mnaona? Mama wa watu alisema neno la maana siku ya kwanza, asubuhi, kabla hata jua halijapanda. Ngano ingekwisha hapo, nikaenda zangu kulala.

Lakini wanyama wale walikuwa na desturi: kazi ya wote hufanywa na bingwa. Na Korongo akainua shingo, akasema, "Bingwa yupi? Tunao watatu. Hatuwezi kumtuma bingwa tu hivihivi. Lazima kwanza tujue nani bingwa wa mabingwa, tukiweka uzito pembeni."

Mama Digidigi akasema, "Ndugu yangu, mtoto ana kiu."

Korongo akasema, "Subiri kidogo, mama. Tusivunje utaratibu."

Yeye asingekuwa na haraka. Ana mabawa! Akiona kiu anaruka hadi ng'ambo ya milima, anakunywa, anarudi mdomo umelowa. Kiboko alikuwa na tope lake la kulalia. Ngiri alikuwa akichimba mizizi yenye majimaji. Wenye nafasi ya kubishana walibishana.

Ngano!

Ilete!

Vizuri. Pukuchueni.

Siku ya kwanza wakahesabu ushindi. Nguchiro akasema, "Mimi nimewapiga panya thelathini."

Kiboko akacheka mpaka kope zikalowa. "Panya! Mimi nimempiga Kifaru. Kifaru mmoja ni panya wangapi?"

Ngiri akasema, "Huyo Kifaru alikuwa anaumwa jino, kila mtu anajua. Mimi nimempiga Fisi mara mbili, tena mzima wa afya."

Korongo akaandika mchangani: Ngiri, Kiboko, Nguchiro. Kiboko akapiga mguu chini, maandishi yakafutika. Korongo akaandika tena: Kiboko, Ngiri, Nguchiro. Ngiri akayafukua kwa pua. Jua likazama, Swila kisimani, maji hakuna.

Siku ya pili Mama Digidigi akaja tena na mwanawe. Sikudhani akasema, "Mama, maji."

Mama Digidigi akasema, "Jamani, Swila bado yumo. Mtumeni Nguchiro."

Korongo akasema, "Tumekaribia, mama. Leo tunatumia akili. Leo tunawapima kwa mawazo."

Kwa mawazo! Wakaanza: Nguchiro angekuwa mkubwa kama Kiboko, ingekuwaje?

Nguchiro akasema, "Ningekuwa mkubwa kama Kiboko, kwa mbio hizi na meno haya, Kiboko angehama nchi."

Ngiri akasema, "Na Kiboko tukimpunguza mpaka awe kama Nguchiro?"

"Anabaki chura," akasema Nguchiro.

Kiboko akanuna kutwa nzima. Ikabidi waache kila kitu wambembeleze, kwa sababu bila yeye orodha haikamiliki. Jua likazama, Swila kisimani, maji hakuna.

Mnacheka nini? Si ndiyo mliyokuwa mkiyasema hapa asubuhi? "Angekuwa na kilo za yule, angekuwa na urefu wa huyu." Hana! Mshamu, toa mkono kwenye karanga, pukuchua mahindi.

Siku ya tatu Mama Digidigi akaja amembeba Sikudhani mgongoni. Mtoto hakusema kitu.

Mama akaenda kwa Nguchiro mwenyewe, akampigia magoti. "Baba, ingia tu. Wewe unaweza. Nyoka ni kazi yako tangu kuzaliwa. Ukishamtoa, watakuandika popote watakapo."

Nguchiro akamtazama mtoto. Moyo ukamwambia nenda. Lakini akatazama orodha mpya ya Korongo mchangani, akajiona ni wa tatu. Akasema, "Mama Sikudhani, nitaingiaje nikiwa wa tatu? Nikishinda watasema Swila alikuwa dhaifu. Waniandike kwanza panaponistahili, nitaingia hata sasa hivi."

Mama Digidigi akasimama, akamkaza mtoto mgongoni.

Korongo akapiga mbawa. "Leo ndiyo mwisho! Watapigana kweli, lakini tutawasawazisha. Kiboko atafungwa miguu miwili na jicho moja, alingane na Nguchiro."

Wakamfunga Kiboko mguu wa mbele na mguu wa nyuma kwa ukambaa. Wakambandika jani jichoni. Wanyama wakajaa, wakashangilia, wakasahau hata kiu. Nguchiro akaruka huku, akaruka kule, akamtandika Kiboko pua mara tatu. Kiboko akataka kugeuka, miguu imefungwa, akayumba, akayumba, akaanguka puu!

Alipoanguka, mguu wa nyuma wa Nguchiro ulikuwa chini yake.

Mchanga ulikuwa laini, ndio uliomwokoa. Alitolewa akilia, mguu umevunjika. Na Korongo, mbele ya yule mgonjwa, akainama akaandika: Kiboko wa kwanza. Ngiri akadai lile lilikuwa anguko, halikuwa pigo, kwa hiyo halihesabiwi. Wakaanza upya!

Mama Digidigi akapiga ukelele. "Wallahi nyinyi mna wazimu! Mmoja tu ndiye aliyeweza kutuokoa, na mmemvunja mguu ili mjue kama anaweza! Mwanangu anakufa, na nyinyi mnaandika mchanga!"

Korongo akasema, "Usipandishe hasira, mama. Kesho tutamaliza."

Mama Digidigi hakungoja kesho yao. Akambeba mwanawe, akapanda kilima chenye vichaka. Alitaka mtoto afie mahali penye utulivu, asife akisikia kelele zile.

Alfajiri ya siku ya nne, jua halijatoka, akamlaza chini ya kichaka. Akaona majani yanameta, akalamba moja. Maji! Ulikuwa umande. Miaka yote hakuujua, kwa sababu alfajiri kila siku alikuwa njiani kwenda mtoni pamoja na wengine, na akirudi jua limeshaukausha. Akalamba jani, akamtilia mtoto mdomoni. Akalamba jingine, akamtilia. Kichaka cha kwanza, kichaka cha pili, kichaka cha tatu. Sikudhani akafumbua macho, akasema, "Mama, tena."

Mama Digidigi akalia hapo, kwa furaha na kwa uchungu, vyote pamoja.

Kule mtoni Nguchiro aliamka, akatazama alipozoea kusimama Mama Digidigi. Hayupo. Akajiambia, mtoto amekufa. Aibu ikamshika mwili mzima. Hakumuuliza Korongo, hakutazama orodha. Akajikokota kwa miguu mitatu, akaingia kisimani.

Mchanga ukaruka, vumbi likatoka, mara kimya. Nguchiro akatoka akimburuta Swila mfu. Lakini kwa miguu mitatu hakuwahi kukwepa kila kitu. Sumu ilikuwa imempata jicho la kushoto, na jicho lile halikuona tena. Siku ya kwanza, akiwa na miguu minne, angeingia na kutoka huku anaimba.

Wanyama wakanywa. Korongo akaja mbio, mdomo umeshawekwa tayari kuandika. "Nguchiro! Sasa wewe ni wa kwanza! Ingawa, kwa kuwa Swila naye ni wa jiwe dogo..."

"Niondokee," akasema Nguchiro. "Nimemuua mtoto wa watu."

Ndipo Ngiri, aliyekuwa ametumwa vichakani kumtafuta Mama Digidigi, akarudi akihema. "Yuko hai! Mtoto yuko hai, yuko na mama yake kilimani!"

Wakapanda wote, Nguchiro akichechemea nyuma. Wakasema, "Mama Sikudhani, shuka unywe. Kisima kimefunguliwa. Na tangu leo wewe na mwanao mtakuwa wa kwanza kunywa, kabla ya Kiboko."

Mama Digidigi akawatazama. Akasema, "Wa kwanza? Hata maji nayo mmeshayapangia orodha?" Akamgeukia Nguchiro, akalitazama lile jicho, akamwambia, "Pole, baba. Wewe nimekusamehe. Lakini sishuki."

Hakushuka. Wakamwita siku ya pili, hakushuka. Wakamwita siku ya tatu, hakushuka. Na mpaka leo nendeni porini mkaangalie: kila mnyama utamwona kisimani, Digidigi humwoni. Analamba majani na umande wake, yeye na wanawe, hamwombi mtu maji.

Nguchiro naye, mpaka leo akimwona nyoka haulizi kitu. Anamrukia papo hapo.

Basi fundisho lake ni hili, lishikeni. Mwenye shida akija mlangoni kwako, usipime nani mkubwa wa kumsaidia. Anayeweza na asimame aende. Ukikaa kupanga majina, utamaliza kupanga, na aliyekuja na shida ameshaondoka, na hatakuja kwako tena.

Ngano yangu nimeitua chini, sina nyingine mgongoni. Anayeitaka aibebe, anayeona nzito aiache hapo hapo mlangoni.

Nini tena, Mshamu? Eti Kiboko na Ngiri, bila kufungwa miguu, nani angeshinda?

Toka! Toka barazani kwangu! Na hilo gunzi liache!