Kitambaa Alichokiacha Zulekha

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu, moto ungali hai. Hapo zamani za kale, huko Kachi katika Bara Hindi, palikuwa na mjane, Bi Hurbai, na bintiye Zulekha. Walipiga chapa vitambaa vya pamba kwa vibao vilivyochongwa maua.

Chapa yao ilikuwa ya maji ya shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi. Ukishaipiga, huoni kitu. Wao hungoja ikauke, hukisuuza kitambaa mtoni, hukichemsha na mizizi myekundu. Hapo ndipo maua hutokea, pale tu kibao kilipogusa.

Siku moja Zulekha alipiga chapa kitambaa kizima, akakianika. Jioni homa ikamshika. Siku ya tatu Mola akamchukua.

Mama akakifungia kitambaa sandukuni. Majirani wakamsihi akakisuuze, maana shabu ikikaa hula uzi. Akajibu kwamba mkono wa mwisho wa mwanawe umo humo, na mto ukiuchukua hatabaki na kitu.

Mwezi ukapita. Kitambaa kikasema, "Mama, shabu inaniuma. Nipeleke mtoni."

Mama akaongeza kufuli.

Mwezi wa pili kikasema, kwa sauti nyembamba, "Mama, shabu inaniuma. Nipeleke mtoni."

Mama akaketi juu ya sanduku, akaziba masikio.

— Hakuwa na huruma?

Alikuwa nayo, mwanangu. Ilikuwa nyingi, ikakosa mlango.

Mwezi wa tatu kitambaa kikanyamaza. Hapo mama akaogopa. Akafungua. Pembe moja ilikuwa imeliwa, nyuzi zikakatikia vidoleni mwake. Akasema Bismillahi, akaenda nacho mtoni.

Mto ukamuuliza, "Hurbai, umeniletea nini?"

"Nimekuletea mwanangu."

"Mwanao simchukui. Nachukua kilichozidi tu."

Akasuuza huku akilia. Kitambaa kikabaki cheupe, kitupu.

— Maua yamepotea!

Naye alidhani hivyo. Akakitia chunguni pamoja na mizizi, akakoroga, akamtaja Mungu. Likatokea ua moja, jekundu. Yakatokea kumi. Yakajaa. Kwenye pindo maua mawili yalikuwa yamepinda, kwani Zulekha hakuwa na subira akikaribia kumaliza.

Bi Hurbai akayagusa. "Si nilikukataza kukimbilia mwisho, binti yangu?" Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Wanangu, marehemu akikuachia kazi nusu, usiifungie. Imalize, humo utamwona.

Hadithi yangu imefika pindoni, nami naiachia hapo.